Sauti za Usiku na Amri ya Nane

Kiko nchini Marekani kipindi cha redio ambacho watu hukisikiliza wakati wenzao wamelala. Jina lake Coast to Coast AM, maana yake toka pwani hata pwani, kwa sababu chasikika toka bahari ya mashariki ya nchi ile mpaka bahari ya magharibi. Huanza saa 7 usiku kwa saa za New York na kuendelea kwa muda wa saa 4, usiku baada ya usiku, juma zima. Saa hizo kwetu Afrika Mashariki ni asubuhi, saa 2 au saa 3 kwa kadiri ya majira yao. Baba yupo kazini na watoto wapo darasani. Wenye kipindi husema kwamba hupokelewa na stesheni zaidi ya 600.

Anayekisikiliza juma zima husikia habari za mizimu na nyumba zenye pepo, za visahani virukavyo na watu wa sayari nyingine, za ndoto zitabirizo mambo, za waliokata roho wakarudi kusimulia, na za siri zinazodaiwa kufichwa na serikali. Mgeni huja na kitabu chake, mtangazaji humwuliza maswali kwa upole, kisha simu hufunguliwa na wasikilizaji hueleza waliyoyaona. Kila mwaka usiku wa tarehe 31 Oktoba huwa ni hadithi za mizimu tupu mpaka alfajiri.

Huenda msomaji akauliza: Mambo ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Siku hizi sauti hazizuiwi na bahari. Kijana mwenye simu mkononi aweza kuyasikia ya Nevada akiwa Songea. Tena ugonjwa wa sikio ni mmoja ulimwenguni pote. Kwa hiyo twataka kukipima kipindi hiki kwa utulivu, bila dhihaka na bila woga, na kutazama linalotupasa sisi tulio na nyumba za kulinda.

KWA NINI USIKU?

Kwanza tujue jinsi kilivyoanza. Miaka ya 1950 alikuwako mjini New York mtangazaji aliyeitwa Long John Nebel, aliyekesha redioni akizungumza na watu waliodai kuona visahani virukavyo. Lakini aliyeipa kazi hiyo nguvu kubwa ni Art Bell, aliyezaliwa mwaka 1945. Katika ujana wake alikuwa mtumishi wa uganga katika jeshi la anga. Mwaka 1978 alianza kipindi chake katika stesheni ya KDWN ya Las Vegas, na mwaka 1988 kikapata jina kilicho nalo. Baadaye alikiendesha kutoka nyumbani kwake Pahrump, mji mdogo katika jangwa la Nevada. Mwaka 2003 George Noory akashika nafasi yake kwa siku za juma. Bell alifariki tarehe 13 Aprili 2018.

Usiku wenyewe una sababu yake ya kimaumbile. Mchana, jua huamsha tabaka la chini la hewa ya juu lenye kunyonya mawimbi ya kati ya redio, hata sauti haiendi mbali. Jua likitua, tabaka lile hutoweka, na mawimbi hupanda mpaka tabaka la juu zaidi, yakarudishwa ardhini mamia ya maili kutoka yalikotoka. Kwa hiyo stesheni moja yenye nguvu, kama ile ya Las Vegas iliyokuwa na wati 50,000, usiku huweza kusikika katika majimbo mengi. Hapana uchawi hapo. Ni kazi ya Muumba katika maumbile yake.

Hata hivyo iko sababu nyingine, nayo ni ya moyo. Ni nani aliye macho saa 8 usiku? Ni dereva wa lori katika njia ndefu. Ni mlinzi mlangoni. Ni muuguzi hospitalini. Ni mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye kitanda kimekuwa kipana mno kwake. Ni mgonjwa ahesabuye saa. Hao ndio watu wa usiku, na kwa muda mrefu hakuna aliyewajali isipokuwa redio. Bell hakuwachuja wapigaji simu kabla ya kuwaweka hewani, aliyepiga alipokelewa. Alisema kwamba yeye hakubali kila neno la wageni na wapigaji wake, ila huwapa mahali pa kusema wasichekwe.

Tusiwe wepesi wa kudharau jambo hili. Mtu aliyeona jambo lililomtisha, akalificha miaka 20 kwa kuogopa kuitwa mwenda wazimu, siku apatapo sikio la kumsikiliza hupata nafuu ya kweli. Kumsikiliza mwenye hofu ni tendo la huruma. Lakini huruma peke yake haitoshi, na mambo yaliyotokea mwaka 1996 yatuonyesha kwa nini haitoshi.

JUMA MOJA LA NOVEMBA

Tarehe 23 Julai 1995 watu wawili nchini Marekani, Alan Hale huko New Mexico na Thomas Bopp huko Arizona, kila mtu kwa upande wake, waliona angani nyota yenye mkia isiyojulikana bado. Bopp hata darubini hakuwa nayo. Alikuwa akichungulia katika darubini ya rafiki yake. Nyota ile ikaitwa kwa majina yao, Hale-Bopp. Mwaka uliofuata ilianza kuonekana kwa macho matupu, na watu wengi wakawa wanaingojea ikaribie jua.

Alhamisi usiku, tarehe 14 Novemba 1996, mpenda nyota mmoja wa Houston alipiga simu kwa Art Bell. Alisema amepiga picha ya Hale-Bopp na ameona pembeni yake kitu kingine kikubwa king'aacho, chenye umbo kama la sayari ya Zohali na pete zake. Alikuwa ametazama katika ramani ya nyota iliyomo katika kompyuta yake na hakuona nyota yoyote mahali pale. Basi kitu kile kilikuwa nini?

Jibu lilipatikana upesi. Wataalamu wa nyota, na Hale mwenyewe miongoni mwao, walieleza kwamba kile kilikuwa nyota ya kawaida, hafifu mno kuonekana kwa macho matupu, iliyoandikwa zamani katika orodha kwa namba SAO 141894. Ramani ya kompyuta haikuionyesha kwa sababu ya jinsi ilivyopangwa. Ile iliyodhaniwa kuwa pete ilikuwa mwangaza uliotawanyika ndani ya darubini. Jambo lingeweza kwisha siku ile.

Lakini halikwisha. Akaja redioni Courtney Brown, mwalimu wa elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Emory, ambaye nje ya kazi hiyo alikuwa na chama cha watu wadaio kuona vitu vya mbali kwa akili tu, bila macho. Yeye akasema kwamba waonaji wake wamekichungulia kitu kile, nacho kweli kipo, wala si nyota, tena kina akili ndani yake. Ikatajwa na picha nyingine, inayodaiwa kutolewa na mtaalamu mkubwa asiyetaka jina lake litajwe, ambaye angejitokeza baadaye kuithibitisha. Wasikilizaji wakangoja. Majuma yakapita, na mtaalamu yule hakujitokeza.

Januari 1997 Bell na mwenzake Whitley Strieber waliitangaza picha ile hadharani. Mara wataalamu David Tholen na Olivier Hainaut wa Chuo Kikuu cha Hawaii wakaitambua: ilikuwa picha yao wenyewe, waliyoipiga Septemba 1995, ila mtu aliichezea akaongeza kitu kisichokuwamo. Yatupasa kumpa Bell haki yake hapa. Aliileta picha nuruni, na kwa kuletwa nuruni ikafichuka. Lakini kabla ya hapo habari ilikuwa imekwisha tembea miezi 2, usiku baada ya usiku, masikioni mwa mamilioni.

Tarehe 26 Machi 1997, Hale-Bopp ikiwa katika mwangaza wake mkubwa, polisi waliingia katika jumba moja huko Rancho Santa Fe, karibu na San Diego, California. Walikuta maiti za watu 39, wanawake 21 na wanaume 18. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 26, mkubwa wao miaka 72. Walikuwa wafuasi wa kundi liitwalo Heaven's Gate, na kiongozi wao Marshall Applewhite alikuwa amekufa pamoja nao. Walijiua kwa kuamini kwamba chombo cha angani kinaifuata ile nyota yenye mkia, na kwamba roho zao zingepanda humo.

HATIA NA DHAMANA

Je, tuseme redio iliwaua? La hasha. Kusema hivyo kungekuwa ni kutenda kosa lile lile tunalolikemea, yaani kunena tusiyoyathibitisha. Kundi lile lilikuwa na imani zake tangu miaka ya 1970, kabla Bell hajaanza kipindi chake, na katika maandiko yao walisema kwamba kuwako au kutokuwako kwa kitu nyuma ya nyota si neno kwao. Nyota yenyewe ndiyo alama waliyoingojea. Tena lilisemwa wakati ule kwamba walinunua darubini ili wakione kile kitu, na walipokosa kukiona wakairudisha dukani. Walikuwa na ushahidi mbele ya macho yao, wakaurudisha dukani pamoja na darubini.

Basi hatumshtaki mtu kwa damu. Lakini kati ya kuua na kutokuwa na hatia kabisa upo uwanja mpana, na humo ndimo wengi wetu tunamoishi. Huo ndio uwanja wa amri ya nane.

Wakristo wengi wanaposikia habari za mizimu na utabiri hukumbuka mara amri ya kwanza, nao hawakosei. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakataza wazi kuwaita wafu, kupiga ramli, kutazamia nyota na kutafuta waaguzi, kwa sababu mambo hayo yamnyang'anya Mungu heshima apaswayo kupewa yeye peke yake. Mfalme Sauli alimwendea mwanamke wa Endori usiku, akiwa amejigeuza mavazi, na kutoka kwake hakupata faraja yoyote. Mafundisho hayo ni ya zamani na hayabadiliki.

Lakini anayesikiliza tu hapigi ramli. Anasikiliza, kisha asubuhi anasimulia. Huyo yuko katika hatari ya amri ya nane kwanza, ile itukatazayo kumshuhudia jirani uwongo. Wengi hudhani amri hiyo huvunjwa na mwongo peke yake, yaani mtu ajuaye kweli akasema kinyume chake. Sivyo. Shahidi asimamaye barazani akaapa kwamba aliona, naye hakuona bali alisikia kwa mwingine, ameivunja, hata kama jambo lenyewe latokea kuwa kweli. Mpenda nyota wa Houston huenda alikosea kwa nia njema kabisa. Waliompokelea neno lake wakaliongezea chumvi, na waliolisambaza baada ya kujibiwa na wataalamu, hao hawana udhuru wa namna ile.

Uko udhuru mmoja ambao twausikia kila mahali: Mimi nafungua simu tu; msikilizaji apime mwenyewe. Udhuru huo wavutia, maana waonekana kumheshimu msikilizaji. Lakini mwenye duka hawezi kuweka chupa ya dawa na chupa ya sumu katika safu moja, zote bila maandishi, kisha aseme kwamba mnunuzi ni mtu mzima. Mwenye kipaza sauti ana dhamana. Mwenye kalamu anayo pia, nasi tulio na ukurasa huu hatujitoi katika hukumu hiyo.

NENO GUMU LIITWALO SIJUI

Wengine watasema: Je, yote ni uwongo? Hatusemi hivyo. Jeshi la Anga la Marekani liliandika taarifa 12,618 za vitu visivyojulikana angani mpaka lilipofunga kazi hiyo mwaka 1969. Sehemu kubwa ilielezwa kuwa ni nyota, ndege, mawingu, maputo na mizaha ya watu. Taarifa 701 zilibaki bila maelezo. Mwaka 2024 Wizara ya Ulinzi ya nchi ile ilitoa tena ripoti ndefu, ikasema haikuona uthibitisho wowote wa vyombo vya viumbe wa sayari nyingine.

Zile 701 ndizo ziwapendezazo watu wa usiku. Lakini tuangalie vema maana ya neno. Lisiloelezwa ni lisiloelezwa, basi. Mtu akisema, sijui ni nini, amesema kweli. Akisema, sijui ni nini, kwa hiyo ni chombo cha sayari nyingine, ameruka mto bila daraja. Kusema sijui kwahitaji unyenyekevu, na unyenyekevu ni fadhila ya Kikristo kabla ya kuwa desturi ya wataalamu.

Wala Kanisa halikatazi kuuliza. Papa ana nyumba yake ya kuchunguza nyota huko Castel Gandolfo, na darubini yake imesimama mlimani Arizona. Mwaka 2008 mkuu wake wa wakati ule, Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti, alieleza katika gazeti la Vatikani kwamba kuamini huenda Mungu ameumba viumbe mahali pengine hakupingani na imani yetu. Uwezo wa Mungu hatuuwekei mpaka sisi. Tunachokataa ni kudai tumekwisha waona wakati hatujawaona.

KIBEHO, MIAKA ISHIRINI

Lakini ili tuone vizuri tofauti kati ya sauti iliyopimwa na isiyopimwa, twende karibu zaidi, nchi ya jirani, Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya wasichana huko Kibeho, mwanafunzi aitwaye Alphonsine Mumureke alisema kwamba Mama Maria amemtokea. Wenzake walimcheka. Kisha wengine nao wakasema wameona. Na habari ilipoenea, idadi ya waliodai kuona ikaongezeka mno.

Kanisa lilifanya nini? Mwaka 1982 Askofu aliweka tume mbili, moja ya waganga wa hospitali na nyingine ya wanateolojia. Waliulizwa maswali, wakatazamwa, wakapimwa mwili na akili, maneno yao yakalinganishwa na mafundisho ya imani na mwenendo wao ukaangaliwa. Umati ulitaka jibu. Kanisa halikuharakishwa na umati. Mwaka 1988 Askofu aliruhusu ibada ya hadhara mahali pale, bila kuamua bado juu ya matokeo yenyewe. Hatimaye tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitangaza kwamba matokeo ya Kibeho ni ya kusadikika, akataja waonaji watatu tu: Alphonsine, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Wengine wote hawakuthibitishwa.

Miaka karibu 20, na katika wengi, watatu. Huko Nevada neno lilikwenda angani dakika ile ile liliposemwa. Mtu aweza kufikiri kwamba Kanisa, kwa kuwa laamini miujiza, litakuwa jepesi kuliko wote kuisadiki. Kumbe ni kinyume. Kwa sababu laamini kwamba Mungu hunena kweli, halithubutu kutia sauti nyingine kinywani mwake. Hata Mei 2024 Idara ya Mafundisho ya Imani huko Roma ilipotoa kanuni mpya za kupima mambo ya namna hii, badala ya zile za mwaka 1978, iliwafundisha Maaskofu kwamba kwa kawaida wasitangaze jambo kuwa ni la Mungu moja kwa moja. Watosheke kusema kwamba halina kizuizi kwa imani na kwamba waamini wanaweza kulifuata kwa usalama.

Liko jambo jingine la kuangalia. Miongoni mwa wageni wa Art Bell miaka ya 1990 alikuwamo padre, Malachi Martin, aliyekuwa Mjesuiti hapo zamani, akizungumza usiku juu ya pepo na kuwafukuza. Alifariki mwaka 1999. Hatumhukumu marehemu, yuko mbele ya Mungu. Lakini Mkatoliki asidhani kwamba jambo limethibitishwa kwa kuwa mwenye kulisema redioni amepata kuvaa kanzu. Kuwako kwa shetani ni fundisho la imani, nasi twalikiri. Ndiyo maana Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, hairuhusu mtu kufukuza pepo kwa ibada rasmi ila padre aliyepewa ruhusa wazi na Askofu wa mahali, tena padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Na ibada yenyewe yaagizwa isigeuzwe kuwa tamasha la kutazamwa. Mambo mazito hufanywa kwa siri na sala.

TUNGALIE NYUMBANI KWETU

Yote haya tumeyasema ili tupate kujitazama. Hapa petu, bila redio ya Nevada, limetembea neno kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri. Nani alilithibitisha? Hakuna. Lilisemwa na mganga, likarudiwa kilabuni, likanong'onwa njiani, na wengi waliolirudia hawakukusudia kumdhuru mtu. Lakini watu wameuawa, na watoto wamekatwa viungo mbele ya mama zao. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ililazimika kupiga marufuku waganga wapiga ramli kwa ajili ya mauaji hayo. Ni wangapi kati yetu walilicheka neno lile, au wakasema huenda, badala ya kusema pale pale kwamba ni uwongo na ni dhambi? Neno lisilopimwa hupita vinywa mia vya wasio na hatia mpaka lifike mkononi mwa mwenye panga.

Basi, ninyi wazazi, fundisheni nyumbani maswali matatu, na watoto wayazoee kama wanavyozoea kunawa mikono kabla ya kula. La kwanza: Nani aliyeona kwa macho yake, na jina lake nani? Yule mtaalamu asiyetajwa jina wa mwaka 1996 yupo pia katika ujumbe tunaopelekeana kwa simu, daktari mmoja, mkubwa mmoja, jirani wa dada ya mtu. La pili: Ajuaye kazi ile amesemaje? Habari ya nyota aulizwe mjuzi wa nyota. Ya ugonjwa, mganga wa hospitali. Ya imani, padre au katekista. La tatu: Nikilirudia neno hili likawa si kweli, nani ataumia? Jibu la swali la tatu likiwa ni mtu fulani, mama mzee anayesingiziwa uchawi, au mtoto, au mgonjwa aliyeacha dawa zake, basi hapo ulimi ufungwe.

Nasi sote tuwakumbuke watu wa usiku. Kama redio ya jangwani ndiyo iliyo macho peke yake pamoja na mjane, kosa si la redio tu. Katika kila parokia wako wasiolala: wagonjwa wa muda mrefu, walinzi, madereva, wazee walioachwa na watoto waliokwenda mjini. Jumuiya ndogo ndogo zinawajua kwa majina. Mtu atembeleweye jioni, akasali Rozari pamoja na jirani, akasikilizwa hofu yake pasipo kuchekwa wala kuongezewa hofu nyingine, huyo hatahitaji sana mgeni wa saa 8 usiku. Bell aliona upungufu huo akaujaza kwa alichokuwa nacho. Sisi tulio na kilicho bora tusimlaumu mno kabla hatujaenda kubisha hodi.

Maandiko Matakatifu yatupa mfano wa kijana mmoja aliyesikia sauti usiku. Samweli alikuwa amelala hekaluni alipoitwa kwa jina. Hakutoka nje kuwaambia watu kwamba amesikia maajabu. Aliamka akamwendea mzee Eli, na Eli akamwambia kwa uaminifu kwamba yeye hakumwita, arudi akalale. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu tu mzee akatambua ni nani anayeita, akamfundisha mtoto namna ya kuitikia. Sauti ile ilikuwa ya Mungu mwenyewe, na hata hivyo ilipelekwa mara tatu kwa mwenye kujua. Kulipokucha, Samweli aliamka, akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama ilivyokuwa kazi yake, wala hakulisema lile neno mpaka alipoulizwa na yule aliyepaswa kulisikia.

Wapendwa, tuombe neema ya kuwa na sikio kama la Samweli na uaminifu kama wa Eli siku ile. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, kila baba na kila mama awaulize watoto wake wamesikia nini juma hili kilichowatia hofu. Wasikilizeni mpaka mwisho. Kisha lipimeni jambo pamoja nao, salini, na mwalale kwa amani.